Nilizima sauti ya kamera kwenye simu ya ex-Japan ya caretaker. Yaliyotokea kwenye plot ya dada yangu Gatwekera bado yananitetemesha

Habari zenu wakuu.

Mimi humu ni mtu wa kusoma tu. Mara moja moja nacomment kwenye mambo ya simu, mkibishana betri gani ni original na gani ni ya kupaka rangi.

Leo naleta yangu. Sitaongeza chumvi na sitajisafisha. Majina nimebadilisha kwa sababu kuna kesi inaendelea, lakini mengine yote yalitokea kama nitakavyoyaandika. Mwanzo wake unachekesha kidogo. Msizoee.

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko Kawangware, upande tunaouita Kongo, kati ya mama wa chapati na kinyozi. Nina meza moja, kioo cha kuonyeshea makava, mashine ya hewa moto na laptop ambayo herufi mbili zilishang'oka kwenye keyboard. Nabadilisha skrini, natoa maji, nafungua simu uliyosahau password ukiwa na risiti. (Ndiyo, naomba risiti. Msinianze.)

Sasa kuna hizi simu za ex-Japan. Mnazijua. Simu safi, kamera kali, mwenyewe huko aliitumia kama yai, kisha ikauzwa kwa mafungu mpaka ikafika kwetu kwa bei ambayo unajiuliza kama imeibwa.

Ukiiwasha, kitu cha kwanza kutokea kwenye kioo si jina la kampuni iliyoitengeneza. Ni jina la kampuni ya mtandao ya huko, yaani ile ya kuuza laini. Geuza mgongo, nembo ya mtandao iko hapo pia. Ingia ndani, kuna app za Kijapani ambazo hazitoki hata uzifanyie maombi.

Na kamera inalia.

Wakuu, hailii kistaarabu. Inapiga KACHAA! Weka silent, inalia. Punguza volume mpaka sifuri, inalia. Chomeka earphone, inalia nje vilevile.

Mteja wa kwanza kuniletea malalamiko hayo alikuwa mama mmoja muuza mitumba. Kila akimpiga mtoto wake picha amelala, mtoto anaamka akilia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama simu inaweza kuwa na kitu. Nikamwambia Mama, simu haina pepo, ni settings. Nikahangaika na hizo settings siku mbili. Nikareset. Nikabadilisha hadi speaker, aibu yangu. KACHAA iko palepale.

Ikabidi nikae chini nisome. Nilipitia forum za watu wa nje, nyingine nikizitafsiri kwa simu, na nilichokuta kiliniacha mdomo wazi.

Sauti ile si kasoro. Imewekwa makusudi. Na aliyeagiza iwekwe si kiwanda kilichotengeneza simu. Ni mitandao.

Hapa kwetu tumezoea mtandao ukuuzie laini, simu ujitafutie kwingine. Kule, kwa muda mrefu, simu yenyewe umekuwa ukiinunua dukani kwa mtandao. Kwa hiyo mteja mkubwa wa kiwanda si wewe wala mimi, ni mtandao. Na mteja mkubwa ndiye bosi. Anasema weka nembo yetu mgongoni, weka app zetu, hii usiitoe mwaka huu, hii itoe kwetu kwanza, update isitoke mpaka tuipime sisi. Kiwanda chenye jina ambalo dunia nzima inalijua kinaitikia tu.

Nimeshafungua simu za kutoka Marekani zenye chip ya redio ndani, lakini redio haifanyi kazi. Model ileile ikiuzwa kwingine redio inaimba. Zamani nilidhani zimeharibika. Kumbe kuna watu walikaa mahali wakaamua.

Nilishtuka, siwafichi. Miaka yote nilidhani mwenye usemi kwenye simu ni yule aliyeitengeneza, wa pili ni aliyeinunua. Kumbe kuna mtu katikati anayewashinda wote wawili, na mimi simjui hata kwa sura.

Sababu ya ile sauti pia niliisoma. Iliandikwa wazi. Wanaume walikuwa wakiwapiga wanawake picha kwa siri, kwenye treni, kwenye ngazi, bila wenyewe kujua. Mitandao na viwanda vikakubaliana kwamba simu yenye kamera ipige kelele, mwenyewe apende asipende. Nilivyoelewa, hata haikuhitaji sheria. Mtandao ukikataa kuiweka simu yako dukani, utamuuzia nani?

Niliyasoma hayo kwa macho yangu mawili, nikacheka. Nikamwambia jirani yangu kinyozi kwamba hiyo ni shida ya Wajapani na treni zao.

Kilichoniuma mimi ni ile jeuri. Mtu amenunua simu yake kwa jasho lake hapa Kawangware, halafu kampuni ambayo hata haina mnara Kenya inamwamulia ilie au inyamaze? Nikajiona mpigania uhuru. Nikatafuta njia ya kuizima nikaipata. Ni kazi ya dakika chache na laptop. Sitaieleza hapa, na usije inbox kuniuliza, utakula block.

Habari zikaenea. Wakaanza kuja. Wengine watoto wao wanaamka, wengine wanapiga picha harusini, wengine hawakusema ni ya nini na mimi sikuuliza. Vijana wa stage ya matatu wakanibatiza jina, Silencer. Nililipenda sana hilo jina.

Sasa tuje kwa dada yangu.

Dada yangu Nafula ndiye aliyenitoa Bungoma akanileta Nairobi nilipomaliza shule. Alikuwa ameshafiwa na mume. Alikuwa na chumba kimoja cha udongo na mabati pale Gatwekera, Kibera, akaweka pazia katikati, upande mmoja yeye na binti yake mdogo, Abby, upande mwingine mimi. Nilikaa nyuma ya lile pazia miaka minne. Chuma changu cha kwanza cha kuchomelea yeye ndiye aliyeninunulia kwa pesa ya omena. Binti sasa yuko boarding, mimi nilihamia Kawangware, yeye bado yuko kwenye plot ileile na bado anauza omena.

Nafula ana tabia moja. Akikutana na mtu mwenye simu mbovu, hamwachi. Atamwambia, nenda kwa ndugu yangu Kongo, mwambie umetumwa na Mama Abby. Amenitafutia wateja kuliko bango langu.

Hivyo ndivyo Kizito alivyonifikia.

Kizito alikuwa caretaker wa plot ya dada. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, mpole, anakuamkia kwa mikono miwili. Alikuja asubuhi moja na simu yake ya ex-Japan.

"Wewe ndiye bro wa Mama Abby? Amenituma kwako."

Nikamwambia karibu, shida iko wapi.

"Hii kamera fundi. Mimi ndio hupiga mapicha za kanisa. Watu wakiwa kwa maombi, kachaa! Pastor ameniangalia vibaya Sunday mbili sasa. Mama Abby alisema tu wewe ni fundi wa simu, sijui kama unaweza kuizima."

Nilicheka mpaka mama wa chapati akageuka. Nikaizima. Na kwa sababu ametumwa na dada yangu, sikuchukua hata shilingi. Nikamwongezea na la ziada. Nikamwekea kitufe kwenye skrini, alama ndogo isiyo na jina. Ukibonyeza inalia, ukibonyeza tena inanyamaza. Nikamwambia, nje ya kanisa iache ilie kama kawaida, ukiingia ndani zima.

Wengine wote nilikuwa nawazimia tu. Kitufe nilimwekea yeye peke yake, kumfurahisha dada.

"Mungu akuzidishie," akasema, akaenda zake.

Ikapita miezi kama mitatu.

Jumamosi moja, saa sita mchana, Nafula akanipigia. Dada yangu akipiga simu huanza na utani, ataniuliza kama nimeoa tangu jana. Siku hiyo hakuanza na chochote.

"Wanjala, kuja. Kuja na hiyo laptop yako."

Nikamuuliza kuna nini. Akanieleza kwa vipande, nyuma yake nasikia kelele za watu.

Jirani yake, Mama Tosh, alikuwa ameonyeshwa picha na binamu yake anayekaa Kabiro. Picha zilikuwa zinazunguka kwenye group fulani la Telegram. Wanawake wakioga. Binamu alimwonyesha kwa sababu kuna beseni la bluu, mdomo wake umeyeyuka upande mmoja, na beseni hilo aliwahi kuliona kwake. Mama Tosh akaangalia beseni. Kisha akaangalia aliyekuwa kando ya beseni, akajiona mwenyewe.

Hakuwa peke yake. Walikuwa wengi wa plot ile.

"Na wewe?" nikamuuliza dada.

Nikasikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Wewe kuja tu."

Wakuu, nilifunga kibanda na skrini ya mtu ikiwa mezani wazi. Nikachukua boda. Hasira niliyokuwa nayo njiani, sijawahi kuwa nayo maishani. Nilikuwa naapa kwamba aliyefanya hivyo nikimkuta nitamvunja mikono. Naomba mniamini kwamba mpaka hapo sikuwa nimeunganisha lolote. Mambo ya Kizito na pastor wake nilikuwa nimeshayasahau kabisa.

Kwa wasiojua plot zetu: vyumba kumi na viwili, uwanja mdogo katikati, na bafu moja la mabati mwishoni, juu ya mtaro. Unabeba maji yako kwa beseni, unaning'iniza leso mlangoni watu wajue uko ndani. Upande wa nyuma, bafu limegusana na store ya caretaker, bati kwa bati.

Nilipofika uwanja ulikuwa umejaa hadi nje. Katikati, chini, amekaa Omosh.

Omosh ni mpangaji wa pale, mchomeleaji wa mageti, mwanamume wa makamo asiye na maneno. Nilimjua kwa salamu tu. Shati lilikuwa limechanika begani na sikio linatoka damu. Karibu na ukuta kulikuwa na tairi kuukuu. Hakuna aliyesema ni la nini, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mbele ya Omosh alisimama Mama Halima, mwenye plot. Ni mama Mnubi, plot aliachiwa na babake, anakaa upande wa pili wa njia. Alikuwa amejifunga leso kiunoni kama mtu anayetaka kusonga ugali wa harusi.

"Polisi nimewapigia, wanakuja," alikuwa anasema. "Hakuna mtu atachomwa kwa nyumba ya babangu. Anayetaka kuanza, aanze na mimi."

Watu walimheshimu, lakini niliona wazi heshima hiyo ilikuwa inaisha.

Nikamvuta dada pembeni. Nikamuuliza mmejuaje ni Omosh?

Akanieleza. Anaishi peke yake. Mlango wake unatazama bafu. Haongei na watu. Simu za wanaume wote wa plot zimekaguliwa hazina kitu, lakini yeye alikataa mwanzoni kuitoa, kwa hiyo lazima amefuta. Ndiyo maana wameniita mimi, nirudishe zilizofutwa.

Nikatazama ile store iliyogusana na bafu. Nikauliza, "Na caretaker je?"

"Kizito? Si ndio tulianza na yeye," dada akasema. "Store iko hapo, ata kuna katundu kwa bati. Lakini simu yake inalia, bana. Kila mtu hapa anaijua. Akipiga mita ya stima picha, tunaisikia tukiwa kwa nyumba. Ameipiga hapa mbele ya watu wote, kachaa. Si tungeisikia tukioga?"

Wakuu.

Sijui nieleze vipi. Masikio yakaziba. Nilikuwa namwona dada akiendelea kusema na sisikii anachosema. Mkononi nilikuwa nimeshika begi la ile laptop.

Kizito alikuwa amesimama mlangoni kwa store yake, mikono nyuma, mpole vilevile. Akaniona.

"Fundi, karibu," akasema mbele ya watu. "Tusaidie hapa."

Alinitazama machoni bila kupepesa. Alijua kwamba najua. Na alikuwa ameshanipima, akaona kwamba sitafungua mdomo, kwa sababu nikimtaja yeye najitaja mimi.

Wakaniletea simu ya Omosh. Nikaiunganisha na laptop. Kioo cha kamera yake ya nyuma kilikuwa kimepasuka, picha zote zina ukungu. Mageti. Grili za madirisha. Geti lingine. Mama mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya mashambani. Nikatafuta na zilizofutwa. Mageti tena.

Nikasema hakuna kitu hapa.

"Amefuta vizuri," mtu akapiga kelele. Mwingine akaokota ubao.

Omosh akainua kichwa, akaniambia mimi, "Fundi, angalia tena. Tafadhali. Angalia poa."

Alikuwa ananiomba mimi nimwokoe. Nilitamani kuzama ardhini.

Mnajua, ukisikiliza watu wakisimulia mambo kama haya, mtu husimama hapohapo akasema ukweli. Mimi sikusimama. Nilifikiria kibanda changu. Nilifikiria dada yangu atanitazamaje. Nilitazama lile tairi nikafikiria litakavyogeuzwa upande wangu. Nilitafuta uongo wa kumtoa Omosh bila kujiingiza mimi. Nikasema, wacha nikague simu zote upya.

"Yangu si mmeisikia?" Kizito akasema, na watu wakaitikia.

Hata dada yangu akasema, "Wanjala, usitupotezee time. Ya Kizito inalia."

Yule wa ubao akasogea hatua moja. Mama Halima akapanua mikono.

Nikasema, "Hiyo simu hailii. Mimi ndiye niliizima."

Hakuna aliyenielewa. Nikarudia kwa sauti. Nikasema Kizito aliniletea simu Kongo, akasema ni ya kanisani, nikaizima sauti ya kamera, na nikamwekea kitufe cha kuiwasha na kuizima anapotaka. Kizito akacheka, akasema fundi amechanganyikiwa na jua.

Mama Halima hakucheka. Akanyoosha kiganja.

"Leta simu, Kizito."

"Lakini Mama Halima, si mmeshaiona..."

"Leta."

Akasita. Alisita kidogo tu, lakini watu wote waliona. Akaitoa.

Sikutaka kuishika mimi, wasije wakasema nimeweka kitu. Nikamwelekeza Mama Halima kwa mdomo. Ukurasa wa pili, ile alama isiyo na jina, bonyeza. Sasa fungua kamera. Sasa piga ukuta picha.

Akapiga. Hatukusikia kitu. Picha ya ukuta ikakaa pale kwenye kioo, imetoka vizuri kabisa.

Nikamwambia abonyeze ile alama tena, apige mara ya pili.

KACHAA!

Mwanamke mmoja nyuma yangu alipiga ukemi ambao mpaka leo nikiwa peke yangu kibandani nausikia. Baada yake, wote. Mama Tosh aliketi chini palepale kwenye tope.

Nikaeleza mahali folda huwa zinafichwa. Mimi sikuangalia. Mama Halima aliifungua akiwa na Mama Tosh, wakawa wanapitisha kidole, kisha Mama Tosh akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni sisi."

Kizito alijaribu kupenya kando ya bafu, akakuta akina mama wameshaziba njia. Waliobaki wakamwacha Omosh, wakamgeukia Kizito, na tairi likaanza kusogezwa. Yule Mama Halima, Mungu ampe maisha marefu, alimsukuma Kizito ndani ya store yake mwenyewe, akafunga kwa kufuli, akaingiza simu ndani ya nguo kifuani, akaketi kizingitini. Akasema simu inaenda na polisi na Kizito anaenda na polisi, na anayemtaka Kizito amruke yeye kwanza. Aliketi hapo mpaka polisi walipofika. Wakamchukua mzima.

Omosh akainuka. Watu wakaanza kumwambia pole, mara moja wote. Mmoja akamfutia vumbi begani, yuleyule wa ubao. Nikamrudishia simu yake, nikamwambia nisamehe. Akaitia mfukoni.

"Ungesema ukiingia," akaniambia. Akaenda chumbani kwake.

Kabla ya mwisho wa mwezi alihama. Hakuaga mtu.

Hayo yote niliweza kuyabeba. Nisiloweza kubeba ni la chumbani kwa dada.

Tuliingia ndani, yeye na mimi. Akaketi kitandani, mimi kwenye ndoo iliyofunikwa. Lile pazia bado lipo. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenitukana.

"Hiyo sauti," akasema, "waliiweka ya nini?"

Wakuu, ningeweza kudanganya. Ningesema ni mambo ya mitandao ya huko, biashara zao. Hangejua.

Nikamwambia iliwekwa kwa sababu ya wanaume wanaopiga wanawake picha kwa siri.

"Na hiyo ulijua lini?"

"Kabla."

"Kabla ya Kizito kuja?"

"Kabla."

Nikaanza kusema kwamba nimewazimia wengi, na huyu alisema ni ya kanisa. Akanikata.

"Sikuulizi Kizito alisema nini. Nakuuliza wewe." Kisha akasema, "Na ni mimi nilimtuma kwako. Nilidhani nakusaidia."

Nikalia, sina aibu kusema. Yeye hakulia. Aliniacha nikamaliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza hata siku moja tangu nianze ile kazi.

"Hizo zingine ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zile zingine umezima, Wanjala. Ziko wapi saa hii?"

Sikuandika majina. Sikuuliza watu wanakaa wapi wala wanazitaka za nini. Sijui hata ni ngapi. Ziko Kawangware, ziko Kibera, nyingine zimeshauzwa tena na mwenye nayo mpya hajui kwamba hiyo simu ilitakiwa kulia.

Ndiyo maana naandika huu uzi.

Wakuu, sijabadilika kuwa mpenzi wa mitandao. Bado inanikera kwamba kampuni ya kuuza laini inaweza kuamrisha kiwanda kizima, ikafunga redio, ikachelewesha update, ikakuachia app usizozitaka. Hayo tutaendelea kuyapigia kelele humu. Lakini kwa hili moja, kuna mtu alikaa ofisini huko mbali, na katika kukaa kwake akamkumbuka mwanamke asiyemjua, akasema simu hii isitoke mpaka ilie. Mimi niliyelelewa na mwanamke, nyuma ya pazia lake, sikumkumbuka hata mmoja. Niliona setting tu. Naona haya, na sijui haya hizi huisha lini.

Mafundi wenzangu, mkiletewa kazi hiyo, ikataeni. Na kabla ya kufungua kitu chochote kilichofungwa kwenye simu, ulizeni kilifungwa kumlinda nani. Mkikuta ni kulinda faida ya kampuni, fungueni na mimi nitawashikia taa. Akina dada, ukikuta ex-Japan isiyolia, ya mume, ya mpangaji, ya yeyote, jua kuna mtu aliizima.

Kibandani nimebandika karatasi kubwa, imeandikwa kwa marker: SAUTI YA KAMERA TUNARUDISHA BURE, HATUULIZI MASWALI. Iko hapo wiki ya saba sasa.

Dada tunaongea. Ananipokea simu, ananiuliza kama nimekula. Utani bado haujarudi. Siku hizi anaogea chumbani, kwa beseni, amefunga mlango kwa komeo na kuweka meza.

Semeni chochote wakuu. Wa kunitukana anitukane, nitasoma zote na sitajibu kwa hasira. Kama kuna aliyewahi kupitia kitu kama hiki na akapata njia ya kukirekebisha, huyo namwomba aandike hata mistari miwili, kwa sababu mimi njia nyingine siioni zaidi ya ile karatasi.

Karibu wateja wote niliowazimia walikuwa wanaume. Waliorudi kurudishiwa sauti mpaka leo ni wawili, na wote ni akina mama.